Ficoll ya 1.073 kwenye uloto wa waliopandikizwa: miezi minane ya kuitumia hapa Dodoma

Wadau wa maabara habari za leo. Nimeulizwa sana na wenzangu wa Mwanza, wa Dar na hata wa hapahapa UDOM kama hii Ficoll-Paque PREMIUM ya 1.073 (maji mazito ya kutenganishia seli za damu na uloto) ina maana yoyote au ni kupoteza hela, wakati ile ya 1.077 tumeizoea wote tangu tukiwa fildi, nikawa najibu mmoja mmoja mpaka nikachoka, sasa leo nimekaa nyumbani Nkuhungu, umeme upo, chai ipo, nimeamua niandike yote kwa pamoja.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kama unatafuta limfosaiti (aina ya seli nyeupe) kwenye damu ya kawaida usihangaike nayo, baki na 1.077 yako. Kama unatafuta seli za stroma kwenye uloto wa mtu aliyepandikizwa, nunua, hata kama itabidi mchange watu watatu chupa moja. Sasa kwa asiye na haraka twende taratibu.

Nianze na kitu chenyewe ninachokitafuta maana wengine wanasoma hapa sio watu wa maabara. Uloto wengi wanaujua kama sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, ni kweli, lakini ndani yake kuna wapangaji na kuna nyumba. Wapangaji ni zile seli mama za damu na watoto wao wote, nyekundu, nyeupe, chembe sahani. Nyumba ndo stroma, seli ndefundefu zilizojishika kwenye mfupa, zinawalisha wapangaji, zinatoa kemikali ya kuwaita na kuwabakisha pale, CXCL12 ndo inatajwa sana. Mgonjwa akipandikizwa uloto anapewa kwanza dawa kali za kuwaondoa wapangaji wa zamani, halafu wanaingia wapya kutoka kwa ndugu yake, na kitu ambacho mimi kiliniacha mdomo wazi nilipokisoma mara ya kwanza ni kwamba nyumba haibadiliki. Tafiti nyingi zimekuta hivyohivyo, damu inakuwa ya ndugu lakini stroma inabaki ya mgonjwa mwenyewe. Yaani mtoto wa kiume akipandikizwa uloto wa dada yake, ukimpima damu unakuta kromosomu XX, ukichukua stroma ya ndani ya nyonga yake ukaiotesha unakuta XY. Watu wawili kwenye mfupa mmoja.

Na hiyo nyumba ilipigwa na dawa zilezile zilizowaondoa wapangaji. Kwa hiyo kujua imebaki na hali gani, inaweza kuwatunza wapangaji wapya au imechoka, ni swali la maana kabisa kwa mgonjwa, maana kuna wengine uloto mpya unashika vizuri na kuna wengine unasuasua.

Kwetu kanda ya kati hili jambo lipo mlangoni. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa wakaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Ukikumbuka kwamba inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka utaelewa kwa nini mimi hili swali linaninyima usingizi. Sampuli ninazofanyia kazi ni za watu walioridhia kwa maandishi, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kipo, na humu sitaji mtu wala wodi.

Ila mama mmoja nitamsema bila kumtaja. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba nasubiri tyubu yangu, akatoka, mama wa Kigogo mtu mzima kidogo, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika, akanijibu na mbukwenyi, halafu akaniuliza hiyo mnayomtoa mwanangu mnaenda kuifanyia nini. Nikamweleza hivyohivyo kwa mfano wa nyumba na wapangaji. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya mwanangu. Basi msiimwage." Hilo neno nalibeba kila nikishika pipeti, na ndo sababu nimekuwa mkali kwenye hii rivyu, maana hapa hatuongelei kemikali ya kuchezea, kila tone limetoka kwenye nyonga ya mtu na huwezi kurudi kesho kumwambia samahani naomba tena.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwenye seli za nyuklia moja za uloto, yaani zenye kiini kimoja cha mviringo, stroma ni kama asilimia 0.001 mpaka 0.01. Kwa hiyo ukipata seli milioni kumi, ukafurahi kabisa, ndani yake za kwako ni kati ya 100 na 1,000. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa aliyepitia dawa za kupandikizwa zinakuwa pungufu zaidi na zile zilizopo zinaota polepole. Na mimi napewa mililita mbili au tatu. Hapo ndo kila hatua ya kupoteza inauma.

Sasa chupa yenyewe. Ni maji meupe yasiyo na rangi, ukiyatikisa unaona ni mazito kidogo, ndani kuna Ficoll 400 ambayo ni sukari ya kawaida, sukrosi, iliyounganishwa ikawa molekuli kubwa, pamoja na sodiamu diatrizoeti ya kurekebisha uzito. Mbinu imekuwepo tangu Arne Bøyum wa Norway alipoichapisha mwaka 1968 na haijabadilika sana, unaweka maji haya chini, damu juu, unazungusha, chembe nyekundu na granulosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) zinazama chini, seli za nyuklia moja zinabaki zinaelea katikati. Hizo namba 1.077 na 1.073 ni uzito wa mililita moja kwa gramu. Tofauti inaonekana ndogo mno, gramu 0.004, nami nilidharau. Lakini seli za stroma ni nyepesi, zinaelea hata kwenye maji mepesi zaidi, wakati limfosaiti nyingi ambazo kwenye 1.077 zingebaki juu, kwenye 1.073 zinazama. Unapunguza umati unabaki na unaowataka.

Kwa selimundu kuna shida ya ziada ambayo vitabu vinavyoeleza uloto wa watu wenye afya havikusemi. Uloto wa mwenye selimundu unakimbizana kutengeneza chembe nyekundu mpya usiku na mchana kwa sababu za zamani zinakufa mapema, kwa hiyo umejaa chembe nyekundu changa, nyingine bado zina kiini, na hizo ni nyepesi, zinakataa kuzama na wenzao. Kwenye 1.077 tabaka langu lilikuwa linatoka la pinki kila mara mpaka nikadhani ni mkono wangu. Nikaja kugundua hata sampuli za kabla ya kupandikizwa zote zipo hivyo na mkono wangu haukuwa na shida.

Nilivyoijaribu mara ya kwanza sikutumia sampuli ya mgonjwa, na nakuomba na wewe usifanye hivyo. Kuna kitu kinatupwa ambacho ni dhahabu: mfuko na vichujio vilivyokusanyia uloto wa mtoaji. Mtoaji analazwa nusu kaputi, anatolewa uloto kwenye nyonga, unapita kwenye vichujio, unaingia mfukoni, unaenda kwa mgonjwa, halafu mfuko mtupu na vichujio vinaenda kuchomwa. Lakini kwenye vile vichujio kumenasa vinofu vidogo vya mafuta na mfupa, na stroma inapenda kung'ang'ania humohumo. Ukiomba ruhusa ukavisuuza na PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) yenye heparini ya kuzuia damu isigande kabla havijaenda kuchomwa unapata seli za kutosha kujifunzia na kulinganishia vitu, na hakuna mtu aliyechomwa sindano ya ziada. Hili wenzetu nje walishalifanya zamani, sisi tunaona ni takataka.

Basi nikasuuza mfuko mmoja, nikagawa nusu kwa nusu, tyubu moja 1.077, nyingine 1.073. Nikamimina taratibu juu ya Ficoll, tyubu nimeilaza, ncha ya pipeti imegusa ukuta, tone linashuka kama jasho, usipovuta subira hapo umeshaharibu kila kitu. Nikazungusha kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha tyubu, kwa 400 g (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia) dakika 35, breki ya mashine nimezima ili tabaka lisivurugike. Nilipofungua, ile ya 1.077 tabaka lilikuwa nene, la kuonekana toka mbali. Ile ya 1.073 moyo ulinishuka, niliona kitu chembamba kama ule utando wa juu ya uji ukishapoa, ukiinamisha kidogo unapotea, ukirudisha kwenye mwanga unauona tena. Nikauchukua na plazma kidogo ya juu yake, nikaosha mara mbili, nikahesabu, nikakuta seli hazifiki hata nusu ya za upande wa pili. Kaka mmoja mkubwa wetu pale maabara akaniambia dogo umenunua hasara. Nikasema ngoja tuoteshe.

Siku ya tatu nikabadilisha midia, yaani maji ya chakula cha seli, kwenye flaski zote mbili (chupa za plastiki za kuoteshea), ile kumwaga seli zisizojishika kwenye plastiki, maana stroma zinajishika. Ya 1.077 bado ilikuwa imejaa seli za mviringo zinaelea juu ya nyingine, maji yamegeuka rangi ya machungwa kwa ajili ya asidi. Ya 1.073 ilikuwa safi, kwenye hadubini unaona plastiki wazi na hapa na pale seli moja imejinyoosha ncha mbili kama mashua. Siku ya kumi na moja kwenye ya 1.073 makundi ya seli zilizoota yalikuwa yanaonekana hata bila hadubini ukiiweka flaski dhidi ya dirisha, alama ndogo za kijivujivu, nikahesabu mara mbili kwa sababu sikuamini, na yalikuwa mengi kuliko ya upande wa pili japo tulianza na seli chache. Yule kaka alikuja akaangalia, akavuta kiti akakaa kwenye hadubini yangu nusu saa nzima.

Nimerudia na mifuko mingine minne. Mitatu ilitoka vilevile, mmoja pande zote mbili zilitoka sawa, sikupata sababu. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba ni uchawi. Lakini kwa usafi wa flaski siku za mwanzo haijawahi kuniangusha hata mara moja, na kwa sampuli ndogo ya mgonjwa huo usafi ndo uhai, kwa sababu seli za damu zikijaa zinakula chakula, zinachafua maji, na makrofaji (seli za kinga zinazomeza takataka) zinajishika kwenye plastiki zinakuchanganya unadhani umepata stroma kumbe hamna.

Mambo ambayo maelekezo ya karatasi hayakuambii na hapa Dodoma yatakuumiza.

Joto la Ficoll. Uzito unaoandikwa kwenye chupa ni wa joto la chumba, nyuzi 20 hivi. Ukiitoa kwenye friji ukaitumia hapohapo inakuwa nzito zaidi, na ukiiacha mezani mwezi wa kumi na moja saa nane mchana, chumba hakina kiyoyozi, inakuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Kwa tofauti ya 0.004 tunayoipigania hapa, hilo sio jambo dogo. Mimi nafanya asubuhi mapema, chupa inakaa chumbani na kipimajoto pembeni, Julai wakati wa ule upepo wa baridi naiacha kwa muda wa saa mbili ijisawazishe na sentrifuji naipasha kidogo kwa kuizungusha tupu.

Breki. Zima breki. Najua unajua, lakini kama sentrifuji mnashea na watu wa mkojo mtu ameshairudisha, angalia kila mara.

Hewa kavu. Hili nililipata kwa machozi. Inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea seli, ina sinia la maji chini, kule Dar ukijaza Jumatatu wiki imeisha, hapa kwetu kiangazi hewa inanyonya kila kitu, mlango ukifunguliwa mara kumi kwa siku sinia linakauka, unyevu unashuka, maji ya kwenye flaski yanapungua, chumvi inabaki inazidi ukali, na seli za mgonjwa ambazo tayari ni dhaifu zinasinyaa zinaachia plastiki. Nilipoteza flaski mbili za mgonjwa mmoja hivyo. Mbili. Nilikaa kwenye ngazi nje ya jengo sikuweza kuongea na mtu. Tangu siku hiyo natazama sinia kila asubuhi na kila jioni, naweka maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa presha, na nimebandika karatasi mlangoni inayosema jaza maji, watu wameizoea.

Ficoll ni sumu ikikaa na seli muda mrefu. Ukishazungusha usiende kunywa chai, toa tabaka papo hapo, osha na PBS nyingi, mara mbili au tatu.

Kichujio. Wengi wanapitisha uloto kwenye kichujio cha maikroni 70 kuondoa mabonge halafu wanatupa kichujio. Usitupe! Kigeuze kichwa chini, kisuuze na midia kwenye flaski ndogo ya pembeni, vile vinofu vilivyonasa ndo makazi yenyewe ya stroma. Kuna mgonjwa flaski zake kuu hazikuota chochote ila ya kichujio ikatoa makundi, na hizo ndo zilizotupa majibu yake.

Na jingine nililoongea na madaktari kwa heshima zote: mvuto wa kwanza wa sindano ndo wenye seli nyingi, ukiendelea kuvuta hapohapo unapata damu tu ya kawaida imeingia. Vipimo vya mgonjwa ndo vinatangulia, hilo halina mjadala, lakini daktari akisogeza ncha ya sindano kidogo kabla ya kuvuta ya kwetu, mililita mbili hizo zinazidi tano za kuvuta mfululizo. Dokta mmoja aliniuliza kwa nini nang'ang'ania mbili tu, nikamchorea kwenye karatasi, siku hizi anafanya bila kukumbushwa.

Tuje kwenye upatikanaji, hapa ndo panapokera. Wakala wa kwanza niliyenunua kwake, simtaji, aliniahidi kila kitu kitakuja na baridi. Ficoll yenyewe haina shida sana, inakaa joto la chumba mbali na mwanga, lakini kwenye oda hiyohiyo kulikuwa na seramu ya ndama, ya kuchanganya kwenye midia ili seli ziote, ambayo inatakiwa ifike imeganda. Mzigo ukapandishwa basi la usiku, ukafika Nanenane asubuhi, simu nikapigiwa saa saba mchana, nafika nakuta boksi liko juani pembeni ya magunia, nafungua barafu imeshakuwa maji, seramu imeyeyuka, ina vijinyuzi vinaelea. Chupa za Ficoll nazo zilikuwa zimetolewa kwenye boksi lake la kuzuia mwanga, zimefungwa na nailoni nyeupe. Nikampigia akaniambia dada hizo hazina neno, zitikise tu. Hakurudisha hela. Na bei alizidisha, maana baadaye niliipata kwingine kwa hela pungufu kabisa.

Siku hizi nafanya hivi, nanunua Dar kwa wakala mwingine anayenionyesha tarehe ya mwisho na namba ya toleo kabla sijalipa, naenda mwenyewe na kibaksi changu cha barafu, asubuhi nashuka na SGR jioni narudi nayo, safari ni ya kama saa tatu na nusu hivi uko Dodoma, seramu ngumu kama jiwe. Nauli inauma ila ukigawa kwa seli zilizopona sioni hasara. Kama mpo watu wengi Dodoma mnaotumia vitu vya baridi tupangeni zamu, nasema kwa nia kabisa.

Kuhusu seramu hiyohiyo, chupa ya Ficoll hata iwe nzuri vipi seramu mbaya itakuangusha. Toleo na toleo hazifanani, omba sampuli ndogo ujaribu kabla hujanunua nyingi. Mimi sasa najaribu maji ya chembe sahani za binadamu badala ya seramu ya ndama: chembe sahani zinadumu siku tano tu benki ya damu, zikipita muda zinatupwa, lakini ukizigandisha na kuziyeyusha mara kadhaa zinapasuka na kutoa vichocheo vya kuotesha, unachuja, unaongeza heparini ili midia isigande kama mtindi, basi. Stroma yangu inaota haraka zaidi kwa hiyo kuliko kwa ndama. Na inatoka hapahapa kwetu, haihitaji boti wala basi. Hili nitaliandikia siku yake.

Kuthibitisha kwamba ulichopata ni stroma kweli, Ficoll haikuthibitishii, yenyewe inakusafishia njia tu. Vigezo vya ISCT, chama cha kimataifa cha tiba ya seli, vya mwaka 2006 bado ndo tunavyotumia: zijishike kwenye plastiki, asilimia 95 au zaidi ziwe na alama za juu ya seli zinazoitwa CD73, CD90 na CD105, zisizidi asilimia 2 zenye alama za damu kama CD45 na CD34, na zikichochewa ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Alama za CD napeleka kusomwa kwenye mashine ya wenzangu. Mafuta na mfupa nafanya mwenyewe, mafuta yanashika rangi nyekundu kwenye vitone ndani ya seli, chokaa ya mfupa inashika nyekundu ya kutu, ukiona mara ya kwanza huwezi kusahau. Gegedu inahitaji subira na bado sijaifanya vizuri. Na kwa wale waliopandikizwa na ndugu wa jinsia nyingine naongeza kipimo cha kromosomu, hicho ndo kinanipa majibu ya nani kajenga nyumba. Kwa niliofanikiwa kuotesha mpaka sasa, nyumba ni ya mgonjwa.

Hapa niweke neno moja kwa ndugu jamaa na mashangazi wanaonitumia picha za vipakti vya unga vinavyouzwa mjini eti vina seli shina (hizo stem cells) vinatibu sukari, presha na selimundu. Seli ninazozisema humu zinakufa sinia la maji likikauka siku moja. Haziwezi kukaa kwenye pakti mkoba wa mtu ukizunguka nao Majengo sokoni juani. Mtoto wa selimundu mpelekeni kliniki, folik asidi na haidroksiyurea anywe kama alivyoandikiwa, chonde.

Nani asinunue hii chupa: anayefanya damu ya kawaida ya kwenye mshipa, anayetaka limfosaiti, anayehitaji seli nyingi za jumla kwa ajili ya DNA, maana hesabu yake itashuka atajiona kaibiwa. Pia mwenye uloto mwingi wa mtoaji mwenye afya, mililita 20 na kuendelea, anaweza kuishi na 1.077 bila kujuta, au hata akamwaga uloto moja kwa moja kwenye flaski akasubiri, zinaota. Nani anunue: mwenye sampuli ndogo, mgonjwa aliyepitia dawa kali, selimundu hasa.

Nyota: chupa yenyewe naipa nne na nusu kati ya tano, nusu naiondoa kwa sababu ule mfuko mmoja haukuonyesha tofauti na sijui kueleza kwa nini hivyo siwezi kuipa tano nzima. Wakala wa kwanza simpi hata moja. Wa pili nne.

Nimebakiza chupa moja na robo. Kesho saa moja asubuhi nina mililita mbili na nusu zinakuja, mtoto ametimiza mwaka tangu apandikizwe uloto wa dada yake, Ficoll nimeshaitoa iko mezani na kipimajoto, sinia la maji nimelijaza jioni hii, na kichujio kipya kiko kwenye hudi (kabati la hewa safi la kufanyia kazi) na flaski yake ya pembeni. Nikiona makundi nitaweka picha.